Kesi ya Mfungwa Hushindwa Kabla ya Kufika Milimani

Hotuba kwa wasaidizi wa kisheria na jamaa za wafungwa, Nairobi

Wazee wetu, kina mama, wasaidizi wa kisheria mliotoka Kahawa West, Lang'ata na Industrial Area, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie jambo linalowakera wengi mlioketi hapa: mbona kesi ya mfungwa dhidi ya maofisa wa gereza hutupwa, tena mara nyingine kabla shahidi yeyote hajaulizwa swali hata moja? Watu wakitoka mahakama za Milimani na uamuzi wa namna hiyo husema jaji ameegemea upande wa serikali. Huenda mara moja moja ni kweli. Lakini zisomeni hukumu zenyewe, zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, mtaona jambo jingine likijirudia. Jaji anakubali kwamba haki inayodaiwa ipo na Katiba inailinda. Kisha anaandika kwamba mlalamishi hakuonyesha nani alimtenda nini, lini, wapi, na kwa ushahidi gani. Kesi hiyo ilishindwa gerezani, miezi kadhaa kabla ya jalada kufunguliwa.

Kilicho upande wetu tukitaje kwa haraka, maana wengi mnakijua. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile isiyoweza kabisa kwenda pamoja na hali ya kufungwa. Kifungu cha 25 kimeweka katazo la mateso na unyama mahali ambapo hakuna sheria inayoweza kulipunguza. Kifungu cha 22 kinamruhusu mfungwa kwenda Mahakama Kuu mwenyewe, kinamruhusu mtu mwingine kwenda kwa niaba ya asiyeweza, na kinasema wazi kwamba kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Kanuni za 2013, ambazo mawakili huziita Kanuni za Mutunga, zinairuhusu mahakama kupokea hata barua, au maelezo ya mdomo ambayo mahakama yenyewe itayaandika. Kwa hiyo mwandiko mbaya, karatasi ya daftari, au kukosa wakili si sababu ya kesi kufa. Hilo liondoeni mioyoni.

Kinachoua ni maneno ya jumla. Tangu mwaka 1979, katika kesi ya Anarita Karimi Njeru, Mahakama Kuu ilisema anayedai kuvunjiwa haki ya kikatiba lazima aeleze kwa usahihi wa kiasi cha kutosha analalamikia nini, kifungu gani kimevunjwa, na kimevunjwa vipi. Njeru mwenyewe alikuwa amehukumiwa kifungo, na rufaa yake ilikuwa imeshindwa, akaja na hoja ya katiba. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mumo Matemu, ililegeza kidogo: usahihi hauna haja ya kuwa wa kupimwa kwa rula, mradi anayeshtakiwa ajue anajibu nini na mahakama ijue inaamua nini. Kidogo hicho ndicho wengi hawakifikishi.

Tuseme mfungwa ameandika hivi: "Tangu niletwe katika gereza hili nimeteswa na maofisa mara nyingi, nimenyimwa matibabu, na haki zangu chini ya Vifungu vya 25, 28, 29, 43 na 51 zimevunjwa." Vifungu vitano, na hakuna siku hata moja. Wakili wa serikali atajibu kwa hati ya kiapo ya kurasa mbili iliyotiwa saini na mkuu wa gereza: hakuna tukio la namna hiyo, mfungwa huyu anatibiwa kama wenzake. Sasa ni neno dhidi ya neno, na Sheria ya Ushahidi, vifungu vya 107 hadi 109, inamtwika anayedai mzigo wa kuthibitisha. Neno likilingana na neno, mwenye mzigo ndiye anayeanguka. Jaji hana hata haja ya kusema mfungwa ni mwongo.

Sasa mtu yuleyule aandike hivi: "Jumanne tarehe 12 Machi 2024, baada ya hesabu ya jioni, ndani ya bloki ninakolala, maofisa wawili walinipiga kwa rungu mkono wa kushoto. Mmoja ana cheo cha koplo, na jina lake la kifuani ni hili. Wa pili simjui jina, ni mrefu, wiki ile alikuwa zamu ya usiku. Wafungwa wawili waliona, namba zao ni hizi. Asubuhi ya tarehe 13 nilimwomba ofisa wa bloki anipeleke zahanati. Nilipelekwa tarehe 18. Mhudumu wa zahanati aliandika kwamba mkono huenda umevunjika, akanipa barua ya kwenda Hospitali ya Kenyatta. Nilipelekwa tarehe 2 Aprili."

Itazameni aya hiyo kwa makini, maana siri yote iko humo. Haina hasira na haina hata kifungu kimoja cha Katiba. Vifungu vitakuja baadaye. Lakini karibu kila sentensi inaelekeza kwenye daftari ambalo gereza lenyewe linalitunza. Zamu ya usiku imo kwenye orodha ya zamu. Tukio linapaswa kuwa kwenye kitabu cha matukio, na kama halimo, kutokuwemo kwake kunahitaji maelezo. Tarehe 18 imo kwenye sajili ya zahanati. Barua ya Kenyatta ina nakala kwenye jalada la mfungwa. Tarehe 2 Aprili gari lilitoka langoni likiwa na mfungwa na wasindikizaji, na kitabu cha lango kinajua saa ya kutoka na ya kurudi. Yule mkuu wa gereza hawezi tena kujibu kwa kurasa mbili. Akikana, itabidi alete madaftari. Asipoyaleta, kuna la kumwambia jaji.

Na hapa ndipo tunapotaka mkae kwa muda, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapokatikia. Ushahidi wa mfungwa uko mikononi mwa yule anayemshtaki. Hilo halibadiliki kwa kulalamika. Kinachowezekana ni kuuvuta nje mapema, kwa maandishi, kabla ya kesi au siku ileile inapofunguliwa.

Chombo cha kwanza ni Sheria ya Kupata Habari, Namba 31 ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Andika barua kwa Idara ya Magereza ukitaja habari unayotaka kwa jina na tarehe: nakala ya maandishi ya zahanati kuhusu mfungwa fulani kati ya tarehe hii na hii, nakala ya barua ya rufaa ya hospitali, maandishi ya kitabu cha matukio ya siku fulani. Usiombe "rekodi zote", maana ombi la hivyo linazunguka ofisini hadi linapotea. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48, na mgonjwa aliyezuiwa kwenda hospitali anaingia hapo. Sema hivyo kwenye barua, katika mstari wa kwanza. Ipeleke ikiwa nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa au wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala, yule Ombudsman, na muambatishe barua yenye muhuri kwenye hati ya kiapo. Ukimya wenye muhuri una uzito kuliko aya kumi za manung'uniko.

Chombo cha pili ni notisi ya kutoa hati. Kesi ikishafunguliwa, mpe Mwanasheria Mkuu notisi ya maandishi umtake alete daftari fulani mahakamani. Asipolileta, unaruhusiwa kuthibitisha yaliyomo kwa njia nyingine, na unaweza kumwomba jaji aone kwamba kama lingekuwa na faida kwao wangelileta. Unamkumbusha pia kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi: jambo linalojulikana na upande mmoja tu, upande huo ndio unaopaswa kulieleza. Lakini jaji hawezi kufikia hatua hiyo kama hukuliomba daftari. Wengi husimama siku ya kusikilizwa na kusema "waulizwe madaftari yao". Muda umepita.

Cha tatu ni mwili wenyewe. Mchubuko wa kawaida hupotea ndani ya wiki mbili hivi. Kesi ya kupigwa inayoandaliwa kwa miezi minne bila karatasi ya daktari haina cha kuonyesha ila simulizi. Kwa hiyo jambo la siku ya kwanza ni uchunguzi wa daktari. Fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, hutolewa na polisi, maana yake tukio liripotiwe kituoni na lipate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mfungwa hawezi kutembea hadi kituoni; jamaa anaweza kuripoti, kisha aandike kwa mkuu wa gereza akiomba mfungwa apelekwe kwa daktari wa serikali, nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Wasipoitikia, fungueni kesi chini ya cheti cha dharura, yaani isikilizwe haraka, mkiomba amri moja tu kwa kuanzia: achunguzwe na daktari asiye wa gereza, na ripoti iletwe mahakamani kwa tarehe itakayotajwa. Kama kuna kamera eneo hilo, ombeni papo hapo amri ya kuhifadhi picha, kwa sababu mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani.

Tuseme pia, maana kosa hili linapoteza wiki nzima za watu: malalamiko dhidi ya askari jela hayapelekwi IPOA. Mamlaka ile inasimamia polisi. Ukiwapelekea habari za Gereza la Kamiti, wiki zile mbili za mchubuko zinaishia kwenye ofisi isiyo na uwezo juu ya jambo lako.

Madai ya kunyimwa matibabu yana mtego wake. Wengi huandika kwamba dawa walizopewa hazikufaa, au walipaswa kupigwa picha ya eksirei na hawakupigwa. Hayo ni madai ya uzembe wa kitabibu, na jaji atataka ripoti ya mtaalamu inayosema matibabu sahihi yalikuwa yapi. Huko Marekani kuna kesi maarufu ya mwaka 1976, Estelle dhidi ya Gamble. Gamble alikuwa mfungwa Texas, aliangukiwa na robota la pamba mwaka 1973 akaumia mgongo, akaandika mashtaka yake kwa mkono. Mahakama ya Juu ya kule ikatoa kanuni ambayo wafungwa wa nchi hiyo wanaitegemea hadi leo: kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni ukatili uliokatazwa na katiba yao. Kisha mahakama ileile ikasema madai yake dhidi ya daktari hayatoshi, kwa sababu alikuwa ameonwa na wahudumu wa afya mara 17 ndani ya miezi mitatu. Kutopiga eksirei, ikasema, ni uamuzi wa kitabibu na si ukatili. Mwenye kanuni akashindwa na kanuni yake!

Sheria ile si yetu, lakini jaji wa hapa atauliza swali linalofanana. Kwa hiyo tenganisheni. Mlango uliofungwa una nguvu kuliko dawa isiyofaa. "Niliandikiwa kwenda Kenyatta tarehe 18, nikazuiwa hadi tarehe 2 kwa kuambiwa hakuna gari" ni jambo la kutendewa na gereza, lina tarehe mbili, na halihitaji profesa wa tiba kulielewa. "Daktari alinipa panado" ni jambo jingine kabisa.

Nani ashtakiwe? Gereza si mtu kisheria. Ukiandika "Gereza Kuu la Kamiti" kama mshtakiwa wa pekee, umempa wakili wa serikali pingamizi la kwanza bure. Sheria ya Kesi za Serikali inataka Mwanasheria Mkuu ndiye ashtakiwe kwa niaba ya serikali; hati zake hupelekwa Sheria House, Harambee Avenue. Muongeze Kamishna Jenerali wa Magereza na mkuu wa gereza husika kwa vyeo vyao. Maofisa waliotenda watajwe kwa majina au kwa maelezo ndani ya aya, na wawe washtakiwa binafsi pale tu ushahidi unapowagusa mmoja mmoja. Kuwashtaki maofisa 14 kwa sababu wote walikuwa kazini mwezi huo kunaifanya kesi nzima ionekane ni kisasi. Tena msimwombe jaji wa katiba amfunge ofisa. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa anayetesa, na amri ya mkubwa si kinga, lakini hiyo ni kesi ya jinai na ina njia yake kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa jaji wa katiba ombeni tamko kwamba haki imevunjwa, amri ya matibabu au uhamisho, na fidia.

Pingamizi la pili mtakalolikuta ni kwamba mfungwa hakulalamika kwanza ndani. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015, kifungu cha 9, inataka njia za ndani zimalizwe kabla ya mahakama, ila jaji anaweza kumsamehe mtu kukiwa na hali ya kipekee, baada ya kuombwa. Kwa kosa la kupigwa tunashikilia kwamba haiingii akilini kumrudisha mtu alalamike kwa waliompiga, na Kifungu cha 25 kinaipa hoja hiyo nguvu. Kwa mambo ya kawaida, barua zilizozuiwa, ziara zilizokatazwa, kupokonywa vitabu, lalamikeni kwanza. Barua moja kwa mkuu wa gereza, nyingine kwa Kamishna Jenerali, nakala zenye muhuri nyumbani. Hakimu au jaji anapotembelea gereza, mfungwa aseme, na aandike siku aliyosema. Kuna faida moja hapa ambayo wengi hawaitumii: ukishathibitisha kwamba haki yako imebanwa, Kifungu cha 24(3) kinamtaka aliyeibana aonyeshe kwamba alikuwa na sababu halali. "Sababu za usalama" peke yake bila maelezo ni jibu jepesi, na jaji aambiwe hivyo.

Kuhusu muda, sikilizeni vizuri. Mkifungua kesi ya kawaida ya madai, yaani fidia kwa kupigwa au kwa uzembe, Sheria ya Ukomo wa Muda kwa Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inawapa miezi 12 tu. Aliyepigwa tarehe 10 Februari 2024 akafungua kesi tarehe 3 Machi 2025 amechelewa kwa wiki tatu, na hakuna huruma itakayomwokoa. Kufungwa hakusimamishi hesabu hiyo. Sheria inawafikiria watoto na wenye maradhi ya akili, haimfikirii mfungwa. Ombi la kikatiba halina kikomo cha namna hiyo, ndiyo maana wengi hukimbilia huko, lakini jaji bado atauliza ulikuwa wapi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Monica Wangu Wamwere na wenzake, iliwakubalia wanawake waliokuwa wamekwenda mahakamani zaidi ya miaka 20 baada ya kupigwa pale Freedom Corner mwaka 1992. Msiichukue kuwa ruhusa ya kulala. Kuchelewa kwao kulielezwa, na enzi yenyewe ilikuwa maelezo. Aliyechelewa aeleze kwa aya na tarehe: alihamishwa gereza lini, aliomba karatasi lini, alinyimwa lini.

Hati ya kiapo. Ndugu, tunaomba simu ziwekwe chini kwa dakika tano.

Iapwe mbele ya kamishna wa viapo, na mwishoni iandikwe mahali na tarehe ilipoapwa. Ikiwa mfungwa yuko Kamiti na hati inasema iliapwa Nairobi mjini siku ambayo hakutoka gerezani, wakili wa serikali ataomba itupwe, na atakuwa na haki. Asiyejua kusoma akiweka dole gumba, lazima iandikwe kwamba alisomewa kwa lugha anayoielewa na akakubali, pamoja na jina la aliyemsomea. Viambatisho viwekewe alama kwa mfuatano na vipigwe muhuri wa kamishna. Karatasi iliyochomekwa tu nyuma haihesabiki. Na mama anayeapa kwa niaba ya mwanawe aape aliyoyaona kwa macho yake: "Nilimtembelea Jumapili tarehe 17, jicho la kulia lilikuwa limevimba, hakuweza kushika meza kwa mkono wa kushoto." Hayo ni ushahidi. "Mwanangu aliniambia kwamba koplo fulani alimpiga" ni habari ya kusikia. Iingie, lakini haiwezi kubeba kesi peke yake. Wale wafungwa wawili walioona waape viapo vyao, na kama wanaogopa, sema hivyo na uombe ulinzi. Kamiti na Lang'ata wamo wafungwa waliosoma sheria hadi shahada ya Chuo Kikuu cha London. Wanajua kuandika aya hizi kuliko baadhi ya mawakili wa barabarani.

Tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi hupokea hati kwa mtandao, kwa hiyo jamaa aliye na simu na barua pepe anaweza kufungua jalada. Washtakiwa wapewe hati ndani ya siku 15. Mwanasheria Mkuu ana siku 14 za kujibu. Asipojibu, msisherehekee: katika kesi za haki jaji hatoi ushindi kwa sababu tu upande wa pili umenyamaza, bado atazipima karatasi zenu.

Kisha kuna kesi zinazokufa bila mtu kushindana nazo. Siku ya kusikilizwa mfungwa hayupo, hakuna wakili, jalada linatupwa kwa kutohudhuria. Au mwaka mzima umepita bila hatua yoyote, linatupwa kwa kutoendeshwa. Mara nyingi mfungwa hakukataa kuja. Alihamishiwa Naivasha au Shimo la Tewa, na notisi ikaenda gereza la zamani. Kwa hiyo kila kesi inapotajwa, kabla ya kuondoka mbele ya jaji au naibu msajili, ombeni amri ya kumfikisha mfungwa mahakamani au kumuunganisha kwa video, ikitaja tarehe na gereza. Chukueni nakala, mpeleke wenyewe langoni. Akihamishwa, jamaa aandikie masjala siku hiyohiyo. Atazame pia orodha ya kesi za siku kwenye mtandao kila jioni ya kuamkia tarehe yenu, kwa sababu chumba cha mahakama na kiungo cha video hubadilika. Jalada likishatupwa kwa kutohudhuria, maombi ya kulirudisha yapo, na amri ya kumfikisha ambayo gereza halikuitii ndiyo sababu bora kuliko zote.

Aina moja ya kesi hutupwa karibu kila mara, na inasikitisha kwa sababu mara nyingi mfungwa ana haki lakini amegonga ofisi isiyofaa. Ni ile ya hesabu ya siku. Sheria ya Magereza, kifungu cha 46, inampa mwenye mwenendo mwema msamaha wa theluthi moja, na imetaja wasiopata, wa kifungo cha maisha wakiwa miongoni mwao. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rimandi, yaani siku mtu alizozuiliwa kabla ya hukumu, uzingatiwe katika hukumu. Mtu alikamatwa tarehe 1 Juni 2015, akahukumiwa miaka 15 tarehe 1 Juni 2017. Ikihesabiwa tangu kukamatwa, na theluthi ya miaka mitano ikatolewa, anatoka mwisho wa Mei 2025. Ikihesabiwa tangu hukumu, anatoka 2027. Miaka miwili ya mtu! Anamshtaki mkuu wa gereza kwa kukataa kuihesabu. Lakini ofisa huyo anafuata waranti, ile hati ya mahakama ya kumfunga mtu, na waranti haikutaja rimandi. Hana mamlaka ya kuirekebisha. Kesi inatupwa. Njia yake ni kurudi mahakamani, kwenye hukumu yenyewe, kuomba kifungu cha 333(2) kitekelezwe na waranti mpya itolewe. Gereza litashtakiwa pale tu waranti inaposema hivyo na wao bado wanahesabu kwa njia yao. Wanaorudia rufaa iliyoshindwa kwa kuivika jina la kesi ya haki dhidi ya gereza nao wataambiwa jambo hilo limeshaamuliwa.

Uamuzi ukishatolewa, someni ukurasa wa mwisho kabla ya kulia au kukasirika. Kama jalada liliondolewa kwa dosari, kiapo kibovu au mshtakiwa asiyefaa, mnaweza kurekebisha na kufungua upya, mkichunga muda. Kama jaji alipima ushahidi akaukataa, kufungua upya ni kupoteza siku. Hapo ni rufaa. Notisi ya rufaa inaingizwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kumbukumbu ya rufaa, yaani kitabu cha hati za kesi, ndani ya siku 60 tangu notisi. Rufaa ya kesi hizi huendeshwa kama ya madai, hata kama mwenye kesi ni mfungwa, kwa hiyo fomu ya rufaa ya jinai inayojazwa gerezani haitoshi. Na ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ombeni kwa barua nakala zilizochapwa za mwenendo wa kesi, nakala ya barua hiyo mumpelekee Mwanasheria Mkuu. Masjala ikichelewa kuchapa, barua hiyo ndiyo inayowapatia cheti cha kuondoa siku za ucheleweshaji kwenye hesabu. Ambaye hakumpelekea upande wa pili nakala hawezi kukitegemea.